Mkesha Usio na Msimulizi: Juu ya Kutazama Tamthilia kwa Mkao Mmoja

Mwaka 2015 watunzi wa kamusi ya Collins ya Uingereza walichagua binge-watch kuwa neno la mwaka, maana yake kutazama sehemu nyingi za tamthilia ya televisheni kwa mfululizo. Nusu ya kwanza ya neno hilo imetoka katika msamiati wa ulevi na ulafi, na anayelifasiri kwa Kiswahili huvutwa upesi kusema ulevi wa tamthilia au uraibu wa televisheni. Tafsiri hizo hazina kosa la sarufi, lakini humweka kizimbani mtu mmoja tu. Lawama yote humwangukia mtazamaji, na umbo la kitu kinachotazamwa, ambalo ndilo shughuli ya mhakiki, huachwa bila kuguswa.

Kiswahili kina kitenzi cha kale kinachofaa zaidi, nacho ni kukesha. Watu wa mwambao wamekesha kwa ngoma za arusi, kwa Maulidi, kwa matanga, na kwa hadithi. Wala aliyekesha hakuitwa mlevi kwa sababu ya kukesha kwake. Basi urefu wa usiku peke yake si maradhi. Linalopasa kuulizwa ni nani aliyeshika hatamu ya hadithi. Msimulizi husema paukwa, naye hangoja kitu ila kujibiwa pakawa. Hukohoa, hunywa maji, huyatazama macho ya watoto. Na majibu yakianza kufifia hujua kuwa nusu ya baraza imekwisha lala. Mwishoni hutangaza kuwa hadithi imekwisha, uzuri wake akiugawa kwa wote na ubaya wake akiubeba mwenyewe. Tangazo hilo ni sehemu ya sanaa, maana ndilo linalowarudisha wasikilizaji majumbani mwao.

Mfano mkubwa zaidi ni Alfu Lela U Lela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikizoea kwa tafsiri ya Frederick Johnson na E. W. Brenn. Binti wa Waziri huikata hadithi alfajiri, mahali pale pale ambapo mfalme hawezi kustahimili kutojua lijalo. Huikata ili kesho iwepo. Uhai wake umening'inia katika mkato huo, na lau angalisimulia yote kwa usiku mmoja asingeliona jua la pili.

Tamthilia za televisheni ziliurithi mkato huo. Tamthilia ya Marekani iitwayo 24, iliyoanza mwaka 2001, ilikuwa na sehemu ishirini na nne kwa msimu, na kila sehemu iliishia ukingoni mwa shimo. Mtazamaji akapewa juma zima la kubishana na jirani zake juu ya litakalotokea. Santuri za DVD zikaanza kulipunguza juma hilo. Kisha tarehe 1 Februari 2013 kampuni ya Netflix ikatoa sehemu zote kumi na tatu za House of Cards kwa siku moja. Ukingo wa shimo haukuondolewa, lakini kazi yake ilipinduka: kilichokuwa kikiilinda kesho sasa kinaifuta. Majina ya waigizaji, ambayo yalikuwa yakipita polepole na kumpa mtu nafasi ya kunyoosha miguu, yakasukumwa pembeni mwa kioo, huku sekunde zikihesabiwa na sehemu ifuatayo ikianza yenyewe. Mwaka 2017 mkuu wa kampuni hiyo, Reed Hastings, alisema kuwa wanashindana na usingizi. Yamkini alisema kwa mzaha. Lakini hata mzaha huo unaeleza umbo la kazi hizo vizuri kuliko makala nyingi za wahakiki wake.

Mtu aweza kupinga kwamba msomaji wa riwaya nene naye hukesha, wala halaumiwi. Ni kweli. Lakini ukurasa haujifunui wenyewe. Mkono wa msomaji ndio unaoufunua, na mkono huchoka.

Utafiti nao hauko mbali na hoja hii. Liese Exelmans na Jan Van den Bulck waliwachunguza vijana 423 wa umri wa miaka 18 hadi 25 huko Ubelgiji, na mwaka 2017 wakaeleza kuwa waliozoea kutazama kwa mfululizo walikuwa na usingizi hafifu na uchovu zaidi, kwa sababu akili ilikwenda kitandani ikiwa bado imeamka. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walitoa matokeo yanayomhusu mhakiki zaidi. Waliionyesha tamthilia ya BBC iitwayo The Game, yenye sehemu sita, kwa makundi matatu: moja mara moja kwa juma, la pili kila siku, la tatu kwa mkao mmoja. Kundi la tatu lilikumbuka zaidi siku ya pili yake, likasahau kwa kasi zaidi baadaye, na tena liliifurahia kazi hiyo kidogo kuliko mengine. Ajabu ni kwamba aliyepewa yote ndiye aliyepata kidogo.

Katika miji ya Tanzania lugha imekwisha sajili mabadiliko haya bila kungoja wataalamu. Vijana husema sizoni, na hawamaanishi msimu hata kidogo; humaanisha kazi yenyewe, inayonakiliwa nzima dukani na kubebwa katika flashi. Neno lililotaja kipindi cha wakati limekuwa jina la shehena. Kwa upande mwingine, katika vibanda umiza vya miji hiyo hiyo, sauti ya mfasiri huzungumza juu ya picha, hueleza, hutania, humsuta jambazi aliyemo katika filamu kana kwamba anamsikia. Na watazamaji hucheka pamoja, hatimaye mwenye kibanda hufunga mlango wake. Utazamaji huo nao huitwa wa kijinga na watu wenye elimu. Lakini humo msimulizi yumo. Anayetunga fasili ya sizoni, basi, hataikamilisha kwa kuandika tamthilia ndefu. Itampasa aongeze kuwa hupokewa yote kwa pamoja, na kuwa hakuna aliyewekwa wa kusema imekwisha.