Tangazo Linalopangwa na Mwezi: Somo la Pweza wa Kisiwa Panza

Mfanyabiashara mdogo akilalamika kuwa wateja hawaji, huambiwa neno moja: jitangaze. Piga picha, fungua ukurasa wa Instagram, jaza makundi ya WhatsApp. Mwandishi aliyechapa kitabu kwa pesa zake naye huambiwa hayo hayo. Ushauri huo unaliruka swali la mwanzo kabisa: mtu aliyeshughulika na yake ana sababu gani ya kukusikiliza leo, asingoje wiki ijayo? Nimeona nilichambue swali hilo kupitia kazi ya watu ambao hawakukusudia kumfundisha mtu matangazo, nao ni wavuvi wa pweza wa Kisiwa Panza.

Kisiwa Panza kiko kusini ya Pemba, Wilaya ya Mkoani, na huvukiwa kwa chombo kutoka upande wa Chokocho. Ni kisiwa cha uvuvi na mwani, chenye mikoko na miamba inayotembeleka maji yakipwa. Katikati ya miaka ya 2010 kilikuwa miongoni mwa shehia za mwanzo Pemba kujaribu kufunga mwamba wa pweza kwa muda, kwa kushirikiana na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani ulioanzishwa 2010. Wazo lenyewe lilikwisha kujaribiwa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, mwaka 2004, wanakijiji wakisaidiwa na shirika la Blue Ventures.

Kufunga ili kupata la kusema

Utaratibu si mgumu kuueleza. Wanajamii hukutana, hukubaliana kipande cha mwamba, hukiwekea mipaka, na kwa muda wa miezi kama mitatu hakuna anayeruhusiwa kuvua pweza humo. Miamba mingine hubaki wazi ili watu wapate kitoweo. Kamati ya uvuvi ya shehia ndiyo inayolinda. Muda ukitimia, eneo hufunguliwa siku za bamvua, pale maji yanapokupwa sana na mwamba ukabaki juu.

Mpango unalipa kwa sababu ya maumbile ya pweza mwenyewe. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kitu, na ukuaji wake ni wa kasi. Jike hutaga mara moja tu maishani: huyalinda mayai pangoni mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kumwacha miezi miwili mitatu ni kumpa nafasi ya kuongeza uzito, na wenziwe nafasi ya kutaga. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Mwamba uliofungwa humsaidia pweza kukivuka kiwango hicho kabla hajakutana na mvuvi.

Wahifadhi huyatazama haya kwa jicho la bahari. Tuyatazame kwa jicho la soko. Katika mwamba usiofungwa, mvuvi hupanda na pweza wake wawili watatu, wadogo kwa wakubwa, akamkuta mnunuzi mmoja dikoni. Bei huitaja mnunuzi, na asiyeitaka arudi na pweza wake nyumbani akamkaushe. Mnunuzi wa pili hana sababu ya kupoteza mafuta ya chombo kufuata kilo chache zisizo na uhakika. Mvuvi huyo angejitangaza mchana na usiku, asingekuwa na habari ya kutangaza. Pweza wake wa leo ni sawa na wa jana.

Kufunga mwamba kunamzalishia habari. Sasa upo mzigo mkubwa, wa pweza wakubwa, utakaotoka mahali panapojulikana, siku inayojulikana. Mwenye gari la barafu, mwenye hoteli Unguja na wakala wa kiwanda cha Bara kila mmoja anaweza kupiga hesabu yake mapema. Wakija wawili au watatu siku moja, mvuvi kwa mara ya kwanza ana wa kumkatalia na ana wa kumwendea.

Siku, mizani na mashahidi

Ukiuchambua ufunguzi kama tangazo, utakuta umesimama juu ya mambo matatu.

La kwanza ni siku. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila mtu wa pwani anaijua hesabu hiyo. Anayeambiwa kuwa mwamba utafunguliwa bamvua la mwezi fulani hahitaji bango la kumkumbusha, maana mwezi anauona mwenyewe angani. Kazi yote ya kukumbusha, ambayo kampuni kubwa huilipia mamilioni, imetwikwa kalenda ambayo wateja wanaifuata tangu hapo. Wenye biashara wengi hukosea hapa. Hujichagulia siku inayowafaa wao, kisha hutumia nguvu nyingi kuipachika katika vichwa vya watu.

La pili ni mizani. Siku ya ufunguzi pweza hupimwa na uzito huandikwa. Neno "pweza wetu ni wakubwa" ni sifa, na sifa kila muuzaji anazo. Neno "pweza huyu ni kilo tatu" ni habari: linaweza kurudiwa na mtu mwingine bila ya kuharibika, na linaweza kulinganishwa na la ufunguzi uliopita. Daftari la kamati limewekwa kwa ajili ya hifadhi, lakini ndilo linaloweza kumpa mwandishi wa habari sentensi yake ya kwanza.

La tatu ni mashahidi. Siku hiyo huja viongozi, maofisa wa uvuvi, wanunuzi, na wavuvi wa vijiji jirani wanaotaka kujua kama maneno ni kweli. Wote hao hurudi makwao na la kusimulia. Ndivyo wazo lenyewe lilivyovuka bahari: watu wa kisiwa cha Rodrigues, nchini Morisi, walikwenda Madagaska kujionea, na mwaka 2012 wakaanza kufunga uvuvi wao wa pweza. Mvuvi humwamini mvuvi mwenzake aliyeloa maji kuliko bango la rangi nne.

Palipo na ufa

Uchambuzi wa haki hauishii kwenye sifa. Tangazo lenye siku maalumu lina madhara yake, na wavuvi wa pweza katika Bahari yetu ya Hindi wameyaonja.

Kwanza, siku ikijulikana na mteja, inajulikana na mwizi pia. Wengine huingia usiku wa kuamkia ufunguzi, na wageni huweza kufika na vyombo kuvuna wasichokilinda. Kwa hiyo ulinzi wa siku za mwisho ni sehemu ya gharama ya tangazo, na lazima uhesabiwe tangu mwanzo.

Pili, mzigo ukitoka wote kwa pamoja, soko hulemewa. Barafu ikiwa haba na wanunuzi wakawa wachache, bei huanguka siku ile ile iliyongojwa kwa miezi. Umekwisha kuwaita watu, na sasa bidhaa yako inashindana na bidhaa yako. Dawa yake ni kuzungumza na wanunuzi kabla ya kufungua, bei na kiasi vikajulikana, na ikibidi kugawa uvunaji katika siku za bamvua badala ya kumaliza yote asubuhi moja.

Tatu, si kila mtu anabeba mzigo sawa. Wanawake wengi huvua pweza kwa miguu katika miamba ya karibu. Kama kipande kilichofungwa ndicho hicho cha karibu, wao ndio wanaokosa kitoweo cha kila siku, na siku ya ufunguzi mwenye chombo na miwani ya kuzamia anawatangulia. Tangazo likileta wateja, waulizwe akina mama faida imeingia mkobani mwa nani.

Bwana Msa alivyofunguliwa mara saba

Waandishi wanaweza kudhani mambo ya pweza hayawahusu. Tumtazame Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Ushindi ulikuwa tangazo kubwa kwa wakati ule, lakini siku ya ushindi msomaji hakuwa na kitabu cha kununua. Tangazo lilitangulia, bidhaa ikafuata baadaye.

Lililomjengea jina la kudumu ni mpango alioufuata baada ya hapo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hakuishia kitabu cha kwanza. Alirudi katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kila kitabu kipya kilikitangaza kilichotangulia. Msomaji aliyempenda Bwana Msa mara moja alikuwa na sababu ya kungoja, kama mnunuzi anavyongoja bamvua jingine baada ya kuona mzigo wa kwanza. Magazeti ya hadithi ya Dar es Salaam yalikuja kuitumia mbinu hiyo hiyo kila wiki: hadithi hukatwa palipo na moto, msomaji akaachwa anahesabu siku.

Pemba yenyewe ina mfano wa karibu zaidi. Mohammed Khelef Ghassani, mzaliwa wa kisiwa hicho, alishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015 upande wa ushairi kwa diwani yake N'na Kwetu. Tuzo ina siku, ina majaji ambao ni mashahidi, na ina uamuzi unaoweza kurudiwa na yeyote kwa sentensi moja. Ndiyo maana habari ya tuzo hubebwa na redio na magazeti ambayo yasingebeba habari kwamba fulani ameandika mashairi mazuri.

Kwa mwenye duka na mwenye kitabu

Basi yachukuliwe yanayochukulika. Mama anayetengeneza sabuni ya mwani asibandike picha ile ile kila asubuhi. Atengeneze toleo moja, alitaje kwa jina lake, aseme litatoka lini na vipande vingapi, kisha anyamaze mpaka siku ifike. Siku hiyo aifungamanishe na kalenda ambayo wateja wake wanayo tayari: wiki ya mwisho ya Shaabani, Idd, msimu wa karafuu pesa zinapokuwa mkononi, au ufunguzi wa shule.

Mwandishi naye anayo tarehe ya bure. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na kila mwaka vituo vya redio hutafuta mtu wa kuzungumza naye siku hiyo. Atakayepeleka barua Redio Jamii Micheweni au ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, mwezi wa Mei, akisema kitabu chake kitazinduliwa skuli fulani, saa fulani, na wanafunzi watasoma kwa sauti, amempunguzia mtangazaji nusu ya kazi. Atakayepeleka barua ya kusema tu kwamba kitabu kipo, amempa mtangazaji kazi ya kukitafutia habari.

Kisha aweke daftari. Kila anayenunua aulizwe swali moja tu: umesikia kwa nani? Majibu yaandikwe. Baada ya matoleo mawili au matatu atajua kama ni redio, ni mwalimu, au ni jirani aliyemletea watu, na nguvu zake atazielekeza huko.

Na mwamba ufungwe tena. Hapa ndipo wengi huanguka. Wakishapata siku moja nzuri, huendelea kupiga kelele zile zile mpaka watu wanazizoea. Ufunguzi una maana kwa sababu kabla yake palifungwa, na mwenye bidhaa asiye na subira ya kunyamaza atakuwa na mwamba ulio wazi mwaka mzima na pweza wadogo.

Kwa hiyo, kabla hujalipia tangazo lolote, chukua karatasi ujibu maswali matatu: siku gani, kipimo gani, na nani atashuhudia. Ukiweza kuyajibu, pengine hutahitaji kulipa. Ukishindwa, pesa yako iache mfukoni kwanza, urudi ukaitengeneze habari yenyewe.