Kona ya Ndani: Mwiko, Skrepa na Mpangilio wa Kazi katika Vyumba vya Kasulo

Kona ya ndani ni mstari ambapo nyuso mbili za chumba hukutana na kuunda pembe inayoingia ndani, kinyume cha kona ya nje, ambayo hutokeza kama ile ya nguzo au ya ukingo wa dirisha. Kuta bapa huweza kunyooshwa kwa rula ndefu na kusuguliwa mpaka ziwe laini, na kona ya nje huweza kukingwa kwa kipande cha chuma au ubao ulionyooka, lakini kona ya ndani humnyima fundi nafasi, kwa kuwa chuma kinacholainisha upande wa kushoto hugusa na kuchimba upande wa kulia ambao bado ni mbichi. Zana zote za mkono zilizobuniwa kwa ajili ya kona hiyo hujibu tatizo hilo moja, na zinatofautiana kwa namna zinavyolijibu: nyingine hushughulikia pande zote mbili kwa mpigo mmoja, nyingine hulazimisha upande mmoja usubiri mwingine.

Mazingira ya uchambuzi huu ni Kasulo, wilayani Ngara, kando ya barabara kuu inayotoka mpaka wa Rusumo kuelekea Biharamulo na kuendelea hadi Isaka. Eneo hilo wengi walio nje ya Kagera walilifahamu kwa jina la Benaco, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa makundi mwishoni mwa Aprili 1994 na kupewa maturubai ya kujisitiri. Nyumba ya kudumu inayojengwa sasa katika miji midogo ya barabara hiyo ni ya matofali ya kuchoma au ya saruji, kuta zake hupigwa lipu ya saruji na mchanga, na mwenye uwezo huweka dari la jipsamu, yaani mbao bapa zenye kiini cha jasi kilichofunikwa kwa karatasi pande zote mbili. Jasi ni madini laini yanayopatikana nchini katika maeneo kama Makanya na Itigi. Yakichomwa kwa joto la takriban nyuzi 150 hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungamana nayo, na unga unaobaki ukichanganywa tena na maji hushika upya na kuwa mgumu. Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hataza ya ubao wa aina hiyo mwaka 1894, nyumba nzima huweza kujengwa kwa kuta za jipsamu. Katika Tanzania ubao huo ni hasa wa dari na wa kugawa vyumba vya ofisi na maduka, jambo linaloifanya kona ya Kasulo kuwa ngumu kuliko ya Chicago, kwa sababu hapa vitu viwili visivyofanana, lipu na jipsamu, hukutana katika mstari mmoja.

Nyumba ya msonge, iliyokuwa makazi ya kawaida Kagera na katika nchi jirani za Rwanda na Burundi, haikuwa na tatizo hili hata kidogo, kwani duara halina kona. Pembe iliingia pamoja na nyumba ya mstatili, na kwa muda mrefu nyumba ya udongo iliimalizia kwa vidole: mkandiko wa mwisho ulisukumwa kwa kiganja hadi pembe ikawa na mviringo mdogo, ambao kwa hakika ni umbo linalofaa udongo, maana udongo hunywea unapokauka na kona kali hupasuka mapema kuliko iliyoviringwa. Saruji na jasi ndizo zilizoleta matarajio ya mstari mkali kama ulionyoroshwa kwa uzi.

Katika lipu ya saruji, kona ya ukuta kwa ukuta hupatikana kwa mpangilio wa kazi kabla ya kupatikana kwa zana yoyote. Fundi huteremsha timazi, yaani uzi wenye uzito wa chuma unaoonyesha wima wa kweli, hubandika madoa ya lipu yenye unene anaoutaka, kwa kawaida milimita 12 hadi 15, kisha hujaza ukuta wa kwanza na kuukata kwa rula hadi mwisho kabisa wa kona. Ukuta wa pili hufuata baada ya ule wa kwanza kushika vya kutosha kuhimili mguso, na ukingo wa rula ukiegemezwa kwenye uso ambao tayari umenyooka, kona hujichora yenyewe kwa kuwa uso wa kwanza umegeuka kuwa kiolezo cha wa pili. Saruji inaruhusu ustaarabu huu kwa sababu haina haraka: viwango vya saruji ya daraja la 32.5 vinataka isianze kushika kabla ya dakika 75. Anayepiga kuta zote mbili kwa pamoja ili amalize mapema hulazimika kuirudia kona kwa ncha ya mwiko, akipanda na kushuka, na alama ya kupanda na kushuka huko huonekana hata baada ya rangi.

Mwiko wa kona, wenye mabawa mawili ya chuma yaliyounganishwa kwa pembe na mpini katikati, huonekana kuwa dawa ya usumbufu huo. Sifa yake na kasoro yake ni kitu kimoja, kwamba umebeba pembe yake tayari. Ikiwa mabawa yana urefu wa milimita 100 kila moja na chuma chake ni kigumu chenye nyuzi 90 kamili, huku kuta zimekutana kwa nyuzi 92, bawa moja likilazwa sawasawa ukutani mwisho wa bawa la pili huelea kwa takriban milimita tatu na nusu, na rojo lote lililoko chini yake hubaki hapo kama tuta. Kuta zikikutana kwa nyuzi 88, mambo hugeuka: ncha za mabawa hugusa kwanza na kukwangua, ilhali kilele cha mwiko hakifiki ndani, hivyo kona hunenepa. Nyuzi mbili za kosa si jambo la ajabu katika nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo vipimo vyake hutofautiana kwa jinsi tofali lilivyokaa karibu au mbali na moto wa tanuri, na msingi wake mara nyingi ulipimwa kwa kamba bila kuhakikishwa kwa kanuni ya tatu-nne-tano, yaani pembetatu ya kuthibitisha pembe mraba.

Watengenezaji wa zana za jipsamu waliliona hilo, na ndiyo maana mwiko wa kona uliokusudiwa kazi hiyo hauna nyuzi 90. Hufunguliwa zaidi, mara nyingi kufikia takriban nyuzi 103, na mabawa yake ni ya chuma chembamba kinachopinda. Ukiingizwa katika kona, ncha za mabawa hugusa kwanza, na fundi anaposukuma mpini kilele huingia ndani wakati mabawa yanajikunja na kubana kuta. Nguvu kubwa huangukia kwenye kingo za nje, mahali ambapo rojo linatakiwa kuishia kwa wembamba wa karatasi. Mwiko wa namna hii huvumilia pembe iliyo wazi kidogo, lakini hauvumilii ukuta wenye mawimbi, na hauna maana yoyote mikononi mwa fundi anayeuminya kwa nguvu ileile kutoka juu hadi chini bila kusikiliza ukuta. Mwiko mgumu wa lipu ya saruji ukihamishiwa kwenye rojo la jipsamu, kama inavyotokea pale duka la vifaa lina aina moja tu, matokeo yake ni yale matuta mawili sambamba yanayoonekana katika vyumba vingi vilivyopakwa rangi ya kung'aa.

Kwa hiyo katika mazingira ya kuta zisizo na uhakika zana bora ni ile isiyodai pembe yoyote, yaani skrepa pana yenye ukingo mmoja ulionyooka, na gharama yake ni muda. Pale ubao wa jipsamu unapokutana na ubao mwingine, kama katika dari la ngazi au katika ukuta wa kugawia chumba, rojo la unga wa jipsamu hupakwa pande zote mbili kwa upana unaozidi utepe kidogo, kisha utepe wa karatasi, ambao kiwandani umetiwa mkunjo katikati, hukunjwa kwa vidole na kusukumwa hadi ukae ndani ya pembe. Skrepa hupitishwa upande mmoja na kisha wa pili ili kufukuza rojo la ziada lililo nyuma ya karatasi, bila kulimaliza, kwani karatasi iliyokauka bila rojo nyuma yake hufura kama malengelenge. Safu ya kufunika ndipo inapotaka uvumilivu: upande wa kushoto hupakwa na kuachwa ukauke kabisa, na upande wa kulia hupakwa baadaye, ukingo wa skrepa ukiteleza juu ya upande mgumu usioweza tena kuchimbika. Ni ileile kanuni ya rula na lipu, isipokuwa sasa ipo katika unene wa milimita moja au mbili.

Utepe wa wavu wa nyuzi za kioo, unaojibandika wenyewe na kupendwa kwa sababu hauhitaji safu ya kwanza ya rojo, haustahili sifa hiyo katika kona. Hauna mkunjo, hivyo huvuka pembe kwa mviringo badala ya kuingia ndani, na skrepa ikipita huweza kuukata au kuchomoza nyuzi zake. Kwenye maungio bapa ya dari hufanya kazi vizuri, na hapo hauna ubaya.

Kona ya dari na ukuta ni kesi nyingine, na hapa skrepa iliyo bora kuliko zote haisaidii. Dari la jipsamu hupigwa misumari au skrubu kwenye blandaring, yaani fito za mbao zilizofungwa chini ya kenchi, na mbao hizo, hasa za mkaratusi au msonobari zilizonunuliwa zikiwa mbichi, huendelea kunywea kwa miezi kadhaa, huku paa la bati likitikiswa na upepo na kupanuka kwa jua la mchana. Ukuta wa matofali hauendi popote. Rojo lililojazwa kati ya kinachotembea na kisichotembea litapasuka, na mwenye nyumba atamlaumu fundi kwa ufa ambao ulikuwa umeamuliwa tangu siku mbao ziliponunuliwa. Konisi, yaani mkanda wa jipsamu wenye umbo la kujipinda unaobandikwa katika pembe hiyo, kwa kawaida husifiwa kama pambo, lakini thamani yake ya kiufundi ni kuficha mstari wa mwendo, na hilo hufanyika vyema iwapo uzito wa gundi utawekwa zaidi upande mmoja kuliko kuufunga pande zote kwa nguvu sawa. Wapo wanaoitupilia mbali konisi kwa kufuata mtindo wa dari lisilo na pambo. Mtindo huo unafaa mahali ambapo dari na kuta ni za kitu kimoja, na katika nyumba ya tofali unahitaji walau mfereji mwembamba ulioachwa makusudi kati ya dari na ukuta.

Muda wa kushika ndio unaotawala zana, na pwani inatoa ushahidi mzuri kwa njia ya kulinganisha. Zidaka za Lamu, yaani safu za vishubaka vya lipu katika kuta za nyumba za mawe za karne ya 18, zina pengine kona za ndani nyingi kuliko ukuta wowote mwingine wa Afrika Mashariki, na bado zilimalizwa bila mwiko wa kona wa kiwandani. Lipu ile ilikuwa ya chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe, na chokaa huwa ngumu polepole sana kwa kunyonya hewa ya ukaa, kazi inayoendelea kwa wiki na miezi, hivyo fundi aliweza kuirudia pembe na kuichonga kwa kisu ikiwa imekaza bila kuwa jiwe. Unga wa jasi usiotiwa kicheleweshi hushika ndani ya dakika chache tu, mara nyingi chini ya nusu saa, na ndoo chafu yenye mabaki ya jana huharakisha zaidi, kwa sababu chembe zilizokwisha kushika huwa mbegu za ushikaji mpya. Fundi anayelalamika kwamba unga wa leo ni mbaya angefanya vyema kuosha ndoo kwanza.

Msimu nao una neno. Ngara hupata mvua kwa sehemu kubwa ya kipindi cha Septemba hadi Mei, na katika miezi hiyo upande wa kwanza wa kona uliopakwa asubuhi unaweza kuwa bado na ubaridi wa maji jioni, ingawa kwa macho umeshakuwa mweupe. Mgongo wa mkono hugundua ubaridi huo upesi kuliko jicho. Msasa ukipitishwa mapema hukokota rojo. Ukaguzi hufanyika kwa taa iliyoshikwa karibu na ukuta ili mwanga upite sambamba nao, kwa kuwa balbu ya katikati ya chumba huficha tuta ambalo jua la dirishani litalifichua kesho yake.

Linabaki suala la malipo, ambalo huathiri kona kuliko chuma cha aina yoyote. Kazi ya lipu na ya dari mara nyingi hupatanwa kwa mita ya mraba, kipimo kinachohesabu nyuso na kuziacha pembe. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta na dari za mita za mraba 41.4, bila kutoa milango na madirisha, pamoja na kona za ndani za mita 22.8, wakati ukumbi wa mita sita kwa sita wenye kimo kilekile una mita za mraba 100.8 na kona za mita 34.8. Kwa kila mita ya mraba, fundi wa chumba kidogo hunyoosha kona za sentimita 55, na wa ukumbi 35 hivi, lakini bei yao ni moja. Patano linalotaja mita za kona kando ya mita za mraba lingempa fundi sababu ya kuusubiri upande wa kwanza ukauke.