Picha za Nyumba za Surrey

Picha nzuri hupendeza macho upesi. Lakini haifai tuipite kabla hatujaiuliza: Je, wasema kweli gani, nawe wanyamaza juu ya jambo gani? Leo twaziuliza hivyo picha za Bibi Helen Allingham, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1848, akafa mwaka 1926.

Mwaka 1881 bibi huyu alihamia karibu na kijiji cha Witley katika jimbo la Surrey, akazichora kwa rangi za maji nyumba za kale za wakulima. Kazi yake yataka subira. Penye mwanga huiacha karatasi nyeupe ionekane, na penye rangi iliyozidi huikwangua kwa kisu. Basi twaona vigae vilivyofifia kwa umri, maua marefu penye ua, na mama mwenye aproni nyeupe amesimama langoni pamoja na mwanawe. Mwaka 1890 Chama cha Kifalme cha Wachoraji wa Rangi za Maji kilimpokea awe mwanachama kamili, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Tena nia yake ilikuwa njema. Siku zile nyumba hizo zilikuwa zikibomolewa, au zikinunuliwa na matajiri wa mjini na kugeuzwa. Mwaka 1886 alizionyesha picha zake huko London, ili sura ya nyumba hizo isipotee kabisa.

Walakini neno moja latusumbua. Katika picha hizo jua karibu siku zote ni la upole, paa halivuji, wala hatumwoni mwenye njaa. Maisha ya vibarua wa mashamba hayakuwa hivyo. Mwaka 1872 Joseph Arch, kibarua wa Warwickshire, aliwaongoza wenzake kuunda chama chao, kwa sababu mshahara haukutosha kulisha watoto. Mama yule wa langoni twaijua aproni yake kuwa ni safi. Hatujui kama ndani mna mkate.

Je, tuzikatae picha hizi? Hasha! Bila mkono wake nyumba nyingi zingesahauliwa. Twasema hivi tu: nyumba alizichora kwa uaminifu, bali wenye nyumba aliwapamba. Mwenye kuzitazama na azifurahie, kisha awakumbuke pia wale waliolala chini ya vigae vile.