Muhuri Si Shahidi wa Uponyaji

Huku kwetu Fizi na Baraka, msiba wa nyumba isiyo na mtoto huliliwa kwa siri. Mke huonewa na wakwe, mahari hukumbushwa, na watu husahau kwamba hata mume aweza kuwa ndiye mgonjwa. Si msiba wa wachache: mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba, katika watu sita, mmoja hivi hupatwa na shida ya uzazi maishani mwake. Basi mwenye uchungu huo akionyeshwa dawa, na karatasi yenye namba na muhuri, husema: "Hii serikali imeikubali." Je, ndivyo muhuri usemavyo?

Tumeona yafaa tuzisome karatasi za namna hiyo kama tusomavyo kitabu, tukiuliza zasema nini, na zanyamaza wapi. Tumechagua za kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa INVO Bioscience, kwa sababu sheria ya kule huiagiza kampuni inayouza hisa kwa watu wote iweke habari zake wazi.

Twasoma kwamba iliandikishwa Januari 2007 katika jimbo la Massachusetts, kwa jina la Bio X Cell, ikapokea mali ya kampuni nyingine, Medelle, pamoja na hataza zake. Desemba 2008 iliungana na Emy's Salsa Aji Distribution Company, iliyoandikishwa Nevada mwaka 2005 kwa biashara ya mchuzi wa pilipili. Tusicheke, wala tusiseme ni wizi. Sheria yairuhusu njia hiyo fupi ya kufika kwenye soko la hisa. Lakini tupate fundisho: daftari la makampuni lilipokea mchuzi na tiba ya uzazi kwa kalamu ile ile. Daftari huuliza jina, makao na wenye mali. Haliulizi kama dawa yaponya. Na daftari letu la biashara, RCCM, tulilo nalo tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, ni vivyo hivyo.

Sasa hataza, ambayo kwetu wengi huiita breve. Jina lake la asili ni la Kilatini, litterae patentes, yaani barua zilizo wazi. Serikali humwambia mvumbuzi: "Eleza uvumbuzi wako wote, nami nitawakataza wengine kuuiga kwa muda." Marekani muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Twaisifu hataza kwa uwazi wake. Chombo chenyewe, INVOcell, ni kidogo, cha plastiki. Mayai ya mke na mbegu za mume hutiwa ndani, nacho huwekwa mwilini mwa mke siku kadhaa, ili joto la mwili lishike mahali pa mashine. Daktari Claude Ranoux aliieleza njia hiyo mwaka 1988. Msomaji wa Baraka, ajuaye shida ya umeme, atapendezwa upesi. Lakini mayai hayo hutolewa kwa sindano na daktari stadi, na fundi wa maabara lazima awepo. Tena hataza hupima upya wa chombo, haihesabu wanawake waliojifungua.

Kupima usalama ni kazi ya ofisi nyingine. Marekani ni FDA, iliyokiruhusu chombo hicho Novemba 2015, karibu miaka 9 baada ya kampuni kuandikishwa. Kwetu, ruhusa ya dawa hutoka ACOREP.

Na hata ruhusa hiyo haimalizi maneno. Karatasi hizi zote hutaja chombo, namna ya kukitumia na mwenye mali. Mtoto hana sauti ndani yake. Kanisa, katika Donum Vitae ya mwaka 1987, lafundisha kwamba mtoto ni zawadi, si mali ya kudaiwa, na kwamba maabara isishike mahali pa tendo la ndoa. Kwa hiyo njia hii hatuwezi kuikubali. Walakini waliozaliwa kwayo ni watoto wa Mungu kama sisi. Nayo Dignitas Personae ya mwaka 2008 yaruhusu wazi tiba zinazoondoa kizuizi, kama kuzibua mirija iliyoziba.

Basi, ndugu, ukionyeshwa muhuri, uliza: Ofisi gani imeupiga? Imepima nini? Nani ameshuhudia kupona? Kisha mke na mume waende hospitali pamoja, wapimwe wote wawili. Elkana hakumfukuza Ana alipokuwa tasa, bali alimpenda. Upendo huo hauna namba ya daftari, nao ndio wa kwanza kudaiwa katika nyumba ya Mkristu.