Sauti Inavyofika Kwenye Serebelamu

Serebelamu ni ubongo mdogo ulioko nyuma ya kichwa, chini ya ubongo mkubwa. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa mwendo na mizani tu. Mwaka 1944, Ray Snider na Averill Stowell walichapisha nchini Marekani matokeo yaliyoonyesha zaidi ya hapo. Waliwatia paka usingizi, wakaweka elektrodi juu ya serebelamu, wakatoa mlio mfupi mkavu na kusoma umeme uliotokea. Jibu lilionekana katikati, kwenye ukanda uitwao vemisi, na karibu sehemu hiyohiyo iliitikia pia mwanga.

Umeme huo ulithibitisha kwamba sauti inafika, haukueleza inafika kufanya nini. Jaribio bora zaidi juu ya swali hilo ni la sungura, lililofanywa na David McCormick na Richard Thompson na kuchapishwa mwaka 1984. Sungura alisikilizishwa mlio, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye jicho lake likapulizwa hewa. Baada ya kurudiarudia, alianza kufumba jicho kabla hewa haijafika. Watafiti wakaharibu sehemu ndogo sana ndani ya serebelamu, kwenye kiini kiitwacho intapositasi, upande ule ule wa jicho. Ufumbaji aliojifunza ukatoweka. Hata hivyo hewa ilipomgusa alifumba kama kawaida, kwa hiyo misuli haikuwa na hitilafu. Kilichopotea ni ule uwezo wa kufanya tendo kwa wakati wake, mlio ukiwa ndio ishara.

Njia za habari hizo mbili pia zinajulikana. Mlio huingia kupitia ponsi, mpulizo kupitia olivu ya chini, zote mbili zikiwa sehemu za shina la ubongo, kisha habari hizo hukutana ndani ya serebelamu, kwenye seli kubwa ziitwazo seli za Purkinje na kwenye viini vilivyo chini yake. Mlio ukizidi kupigwa bila hewa kufuata, sungura huacha kufumba.

Tembo wa porini hawezi kuwekewa elektrodi hivyo, naye ndiye mnyama wa kustaajabisha katika habari hii: Suzana Herculano-Houzel na wenzake walikadiria mwaka 2014 kwamba tembo wa Afrika ana nyuroni bilioni 257, na bilioni 251 kati yake zimo kwenye serebelamu. Kinachoweza kupimwa kwake ni mwendo anaouonyesha akisikia sauti. Kaskazini ya Ruiri nchini Kenya, ukipita Isiolo, ziko hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, na huko Lucy King, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath waliwachezea tembo sauti ya nyuki waliochokozwa. Katika matokeo ya mwaka 2007, familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Kwa sauti ya kulinganishia, isiyo ya nyuki, ziliondoka 4 kati ya 15.

Hofu iliyowaondoa tembo hao si kazi ya serebelamu peke yake. Amigdala, sehemu nyingine ya ubongo, ina mchango mkubwa. Lakini kanuni ya sungura inafaa kuzingatiwa na mkulima anayetaka kulinda mahindi: sauti isiyofuatwa na kitu hupoteza nguvu. Ndiyo sababu uzio wa mizinga, yaani mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya kuzunguka shamba, unabeba nyuki halisi. Tembo akisukuma waya, mizinga huyumba, nyuki hutoka wakivuma, na mvumo huo hufuatwa na mwiba wa kweli.