Wimbo Uliofika Biliqo Bila Jina

Stori ya bendi huru tunaijua sote. Vijana wanne, chumba kimoja cha kukodisha, kompyuta moja inayopumua kwa shida, hakuna lebo inayowataka. Wanarekodi usiku majirani wakilala, wanatoa albamu wenyewe, sisi wakosoaji tunawapigia makofi kwa ujasiri wao, kisha miaka michache baadaye tunaandika tanzia ya bendi. Nimesoma makala nyingi za aina hiyo, na karibu zote huishia siku ya uzinduzi. Albamu imetoka, basi. Imetoka ikaenda wapi? Nani aliipata, aliisikiliza kwa kifaa gani, na alijua ni ya nani?

Hilo swali la mwisho ndilo ninalotaka kulishika, na mahali pazuri pa kulishikia si Nairobi. Ni Biliqo, kule Merti, kaunti ya Isiolo, nchi ya Waborana wafugaji upande wa Ewaso Nyiro. Nilikuwa huko na albamu za Just a Band kwa simu, na nilikuwa na muda.

Kwa wale wadogo kidogo: Just a Band walianza kama wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walitoa *Scratch to Reveal* mwaka 2008 na *82* mwaka 2009, bila lebo kubwa nyuma yao, huku wakijifanyia video na michoro wenyewe. Redio za wakati huo hazikujua ziwaweke wapi. Hawakuwa genge, hawakuwa gospeli, na wimbo kama "Iwinyo Piny" ulikuwa na Kijaluo juu ya midundo ya kompyuta ambayo watangazaji wengi wangeiita ya wazungu. Halafu Machi 2010 ikaja video ya "Ha-He", jamaa mwenye afro akipiga watu mateke mitaani, na nchi nzima ikapata shujaa: Makmende. Magazeti ya ng'ambo yaliandika. Watu walitunga vichekesho vya Makmende kwa wiki kadhaa bila kuchoka.

Makmende si jina walilobuni wao. Ni jina la mtaani, watoto wa miaka ya nyuma walikuwa wanamwita hivyo yeyote anayejifanya mbabe, na asili yake ni sinema za Clint Eastwood. Bendi ililiokota, ikalivisha suti, ikalituma duniani. Jina lililosafiri likawa hilo. Ukimuuliza leo mtu wa rika langu kuhusu Makmende, atacheka na kukumbuka. Muulize ni wimbo wa nani, uone atakavyosita.

Biliqo nililiona hilo kwa macho. Nyimbo huko hazipakuliwi moja moja kwa bando. Zinatoka kwa simu hadi simu kwa Bluetooth, au unampelekea kijana wa duka memori kadi, anakujazia. Yeye ndiye lebo, msambazaji na mtangazaji. Nilimwachia "Ha-He" na nyimbo nyingine mbili. Alisikiliza kidogo, akakunja uso, akauliza, "Dada, hii imeimbwa na nani?" Nikamwambia. Akaliandika faili upya ili alitambue: *Makmende*. Zile mbili zikabaki na namba tu. Kutoka hapo zimeenda wapi, kwa simu za nani, sijui, na bendi haitajua kamwe.

Wacha niseme pia kitu kuhusu muziki wenyewe, kwa sababu tukizungumzia biashara peke yake tunawakosea heshima. *82* ni albamu nzuri sana, na bado nadhani "Usinibore" ni moja ya nyimbo bora za kizazi chetu; ina uchangamfu wa mtu anayejua kwamba ahadi yake ni kubwa kuliko uwezo wake na anaitoa hata hivyo. Lakini ilitengenezwa kwa spika za masikioni. Ukiicheza kwa spika ndogo ya simu iliyotundikwa shingoni, nje, upepo ukivuma, besi yote inapotea na kinachobaki ni mluzi na sauti ya mbali. Nyimbo za Kiborana zilizokuwa kwa kadi ileile zilikuwa kinyume kabisa. Kinanda cha umeme kimewekwa juu, kikali, sauti ya mwimbaji imesukumwa mbele mpaka inakwaruza. Studio ya Nairobi ingesema imechanganywa vibaya. Kwa simu ile, kwa upepo ule, ilikuwa imechanganywa sawasawa. Aliyeirekodi alijua itasikilizwa wapi.

Na kuna kitu kingine alichokijua. Katika wimbo mmoja mwimbaji anajitaja mwenyewe mapema kabisa, jina lake na anakotoka, hata kabla kinanda hakijatulia. Kijana wa duka hakuhitaji kuniangalia. Alijua ni nani, mtoto wa nani, na mara ya mwisho aliimba harusi gani.

Tumezoea kucheka tabia hiyo. DJ akipiga kelele jina lake katikati ya wimbo tunasema anaharibu. Wanabenga wakitaja wapiga gitaa wao, wafadhili na vijiji vyao, tunasema ni mambo ya zamani. Hata Mdundo, ile huduma ya Nairobi iliyoanza 2013, huweka tangazo la sauti mwanzoni mwa wimbo unaoupakua, na sisi wa mjini tunakereka. Lakini kwenye memori kadi hakuna jalada, hakuna kiungo, hakuna maelezo. Kilichomo ndani ya sauti ndicho kinachofika.

Sasa weka hayo kando ya hesabu ambazo bendi huru hufanyiwa leo. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na wengi wetu tulishangilia. Ili kuingiza wimbo unahitaji msambazaji wa mtandaoni. Baadhi yao, DistroKid kwa mfano, hutoza ada ya kila mwaka, na usipolipa nyimbo zako zinaweza kuondolewa, isipokuwa ulipe ada nyingine ili zibaki. Tangu 2024, Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa mtu wa Nairobi mwenye marafiki wengi, 1,000 ni wikendi moja. Kwa anayeimba Kiborana, wasikilizaji wapo, tena wengi, na wanarudia wimbo mmoja kutwa nzima nyuma ya ngamia. Ila wanasikiliza nje ya mtandao. Wimbo unaweza kuchezwa mara elfu tano Biliqo na hesabu ya Spotify ikasoma sifuri. Si kwamba haupendwi. Haujahesabiwa.

Skiza ilikuwa karibu kulijibu hili. Haihitaji intaneti, inafanya kazi hata kwa mulika mwizi, na Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2022 ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato halisi ya milio hiyo, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Ni ushindi, sitabisha. Lakini tazama kinachouzwa: sekunde chache za kiitikio wakati mtu anasubiri simu ipokewe. Bendi ambayo nyimbo zake huchukua dakika mbili kujijenga haina cha kuuza hapo.

Vyama vya kukusanya mirabaha navyo, sijui nianzie wapi. Mwaka 2017 MCSK ilinyimwa leseni, ikapewa MPAKE. Mwaka 2019 wanamuziki walikuwa mtandaoni wakionyeshana malipo ya shilingi 2,530. Mwaka 2021 bodi ya hakimiliki, KECOBO, ikafuta leseni za MCSK, KAMP na PRISK kwa mpigo. Ndani ya vurugu hizo zote, mwimbaji wa Merti ambaye hajasajili wimbo hayumo hata kwa orodha ya waliodhulumiwa.

Kwa hiyo ubishi wetu wa mjini, kati ya wale wanaosema kunakili ni wizi na wale wanaosema muziki uwe bure, naona unakosa shabaha. Waborana wana neno linalonisaidia kufikiri. Anayechimba kisima kirefu huitwa konfi. Kisima hubeba haki yake, yeye na warithi wake. Katika zamu ya kunywesha mifugo, ana nafasi yake inayojulikana. Hawezi kuuza kisima, na hawezi kumfungia mwenye kiu. Zamu za kila siku hupangwa na msimamizi, abba herega, na wanaume hujipanga kwa mstari kutoka chini, wakipokezana maji juu kwa wimbo. Maji ni ya wote. Aliyechimba hasahauliki.

Na usidhani watu wa huko ni wageni wa maswali ya nani anauza kilicho cha wote. Kaboni ya udongo wa malisho yao imeuzwa kupitia mradi wa Northern Rangelands Trust, na Netflix na Meta ni kati ya wanunuzi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa iliundwa kinyume cha sheria. Naam, nyasi za Biliqo zilifika Netflix kabla ya nyimbo za Biliqo.

Sauti Sol walifanya kitu kama cha konfi mwaka 2015, walipotoa *Live and Die in Afrika* wenyewe na kuwaachia watu waipakue bure kwenye tovuti yao kwa muda mfupi. Wengine waliona ni wazimu. Mimi naona walifungua kisima huku jina lao likiwa limechongwa mdomoni mwake; pesa zilikuwa kwenye jukwaa. Lakini walikuwa tayari Sauti Sol. Bendi isiyojulikana ikifanya hivyo bila kuweka jina ndani ya kazi, inamwaga maji tu.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa KMRU, ambaye jina lake kamili ni Joseph Kamaru, kama babu yake. Mzee Kamaru, aliyefariki 2018, alikuwa na duka lake la santuri, City Sounds, na alijua kuuza muziki wake mwenyewe kabla hatujaliita jambo hilo uhuru. Hata hivyo nyimbo zake nyingi zilibaki zikizunguka kwa nakala za nakala. Mjukuu amekuwa akizitoa tena kupitia Bandcamp. Kinachopakuliwa huko huja na jina la msanii na la wimbo yameandikwa ndani ya faili lenyewe. Sitarajii watu wa Biliqo wanunue Bandcamp. Inatosha mtu mmoja apakue, aje nayo kwa kadi. Kijana wa duka akilifungua faili, jina la Kamaru litakuwa kwenye skrini, yeye hajaandika kitu.