Dungu na Kibanda cha Mpiga Picha

Picha za mnana wa Kilombero zimekuwa nyingi siku hizi, na nathubutu kusema kwamba karibu zote zina kasoro moja, nayo ni usafi. Dume wa manjano mwenye uso mweusi amening'inia kwenye tete moja, na nyuma yake ipo rangi ya kijani iliyofifia kama kitambaa kilichotundikwa ukutani. Hakuna mto, hakuna mtumbwi, hakuna mtu. Ndege huyu alielezwa kitaalamu na Neil Baker na Liz Baker mwaka 1990, kutoka kwenye matete ya kando ya mto karibu na Ifakara, pale Kivukoni, ambapo kwa miaka mingi pantoni ilivusha watu, magari na magunia mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Kama yupo ndege aliyezoea makelele ya binadamu, ni huyu. Basi ukimya huu wa kwenye picha umetoka wapi?

Umetoka kwenye kibanda. Mpiga picha za ndege hujificha ndani ya kibanda kidogo cha turubai au cha majani, chenye tundu la kutokezea lenzi. Hukisimika mbali na kiota, kisha hukisogeza hatua chache kila siku. Wenye ujuzi huingia wawili, halafu mmoja akatoka na kwenda zake waziwazi; ndege, ambaye hajui kuhesabu, huona hatari imekwisha. Ni ufundi wa zamani. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, mnamo mwaka 1900 walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia, ngozi ya kweli juu ya kiunzi cha mbao. Mtu aweza kucheka, lakini mimi nawaheshimu. Walitaka kutuonyesha ndege akiwa hai kiotani pake, wakati ambapo wataalamu wengi walimjua ndege kwa bunduki kwanza. Linganisha na Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za simba usiku katika nchi yetu hii enzi za Wajerumani, kwa kuwafunga ng'ombe na punda wawe chambo.

Hata hivyo kibanda nacho kina uongo wake, na mtazamaji mwenye subira aweza kuugundua. Tazama kiota: kama jua linakipiga chote bila kivuli cha hata jani moja, basi yupo mtu aliyekunja au kukata majani ili lenzi ione, na mwewe naye akaona. Tazama mama aliyebeba mdudu mdomoni, manyoya yamebana mwilini, shingo imenyooka, macho kwenye lenzi. Watu husifu picha ya namna hiyo kwa uhai wake. Mimi naona mzazi anayeogopa kuingia nyumbani kwake, na makinda yanayongoja chakula.

Sasa msomaji afikirie kibanda cha pili, ambacho wapiga picha hawakitaji. Mpunga unapoanza kujaza punje bondeni, watu hujenga dungu katikati ya shamba, na mtoto au mama hupanda juu yake tangu alfajiri kuamia ndege. Ana kombeo, ana debe la kugonga, ana sauti yake. Mpiga picha hujificha ili ndege aje. Huyu hujionyesha ili ndege aende. Lakini wote wawili hukaa juani saa nyingi wakimtazama ndege, na sidhani kwamba wa kibandani ndiye anayemjua zaidi. Wa kwenye dungu anajua kundi linaingia saa ngapi, linatokea upande gani, na lipi ni la kwelea kwelea wanaoweza kummalizia chakula cha mwaka.

Wapo watakaonijibu kwamba picha nzuri humpatia ndege marafiki, na kwamba bonde liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Ramsar mwaka 2002 kwa sababu watu wa mbali walijulishwa thamani yake. Sikatai. Ila picha isiyo na mtu humfundisha mtazamaji wa mbali kwamba mtu ni mvamizi pale, na humfundisha mkulima kwamba ndege yule ni mali ya wageni. Matete yanapungua kwa moto, kwa mifugo na kwa mashamba. Atayatetea nani, ikiwa anayeishi nayo hayumo pichani?

Picha moja tu ndiyo imeniridhisha. Ilipigwa kutoka kwenye mtumbwi, na mvuvi amesimama mbele na upondo wake. Ndege hawaoni mtumbwi kuwa kitu kigeni, kwa hiyo hakuna aliyekunja jani. Mnana ni doa la manjano tu, viota vinane au tisa vimening'inia juu ya maji, upande wa kushoto matete yamekatwa hadi mizizini, na nyuma kabisa unaonekana moshi. Mwenye kitabu kilichoichapa aliiweka ukurasa wa mwisho, ndogo kama stempu. Jalada alimpa dume wa manjano mwenye kitambaa cha kijani nyuma yake.